Nilitaka Sayari Iitwe Kabula, Wakaigeuza Machinjio

Admin, usiweke jina langu wala la mwanangu ninayeishi naye. Watu wa jumuiya yetu ya kanisani wanausoma ukurasa huu, na wajukuu zangu pia.

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi kwa mwanangu wa kiume karibu na Kolandoto. Moyo wangu umechoka. Daktari aliniambia bila kunizungusha kwamba nisipange mambo ya mwakani, na nilimshukuru, maana sipendi kudanganywa. Haya ninayoandika sijamwambia hata padre.

Msinicheke, lakini mimi nacheza gemu. Mwanangu aliniwekea kwenye kompyuta yake ili nisishinde nikitazama ukuta. Ni gemu ya kusafiri angani. Una chombo chako, unaruka kutoka nyota hii hadi ile, unatua kwenye sayari ambazo hakuna mtu amewahi kuzifikia. Anayekanyaga wa kwanza ndiye anayeipa sayari jina, na jina hilo halifutiki. Niliposikia hivyo nilimkumbuka binti yangu Kabula, aliyekufa kwa surua kabla hajaanza shule. Tulimzika upande wa Segese, palepale ambapo baadaye watu walikuja kuchimba dhahabu. Leo ni mashimo matupu, hata jiwe la kaburi halipo. Nikataka jina lake likae mahali fulani kabla sijaondoka.

Sayari nzuri kuliko zote katika gemu hiyo ni zile zinazong'aa, nazo ni adimu. Huwezi kwenda peke yako, kwa sababu lango la kuelekea huko hufunguka vyombo vinne vikisimama pamoja. Kwa hiyo nilijiunga na kikosi cha wanaume watatu, wachimbaji wadogo wanaocheza wakitoka kazini. Kiongozi wao tulimwita Kapteni. Ana duara lake, yaani shimo lake mwenyewe la kuchimbia dhahabu. Wao walikuwa wakiongea kwa sauti. Mimi pumzi hainitoshi, nilikuwa naandika tu. Nilijiita Mwalimu, wao wakaniita Mzee, na sikuwasahihisha.

Ramani ya nyota niliisoma mimi. Niligundua kwamba sayari hizo zinazunguka nyota nyekundu hafifu, zile ambazo wachezaji wengi wanazipita kwa dharau. Kapteni akawa ananisifu, eti Mzee angekuwa duarani kwake angeuona mwamba kabla ya sururu kugusa udongo. Tukakubaliana kwamba atakayeikanyaga kwanza ni mimi.

Jioni tuliyofika, vidole viligoma kuandika. Sayari nzima ilikuwa inamulika chini yetu, majani ya buluu, mawe kama makaa. Kulikuwa na wanyama wadogo wenye shingo ndefu, migongo yao ina mwanga, wakifuata vivuli vya vyombo vyetu bila woga wowote. Kwa furaha nikabonyeza kitufe cha sauti nikasema, "Asanteni wanangu. Hii itaitwa Kabula."

Mmoja wao akacheka, akasema, "Mzee, mnyang'anye bibi hiyo maiki."

"Mwalimu ndiye mimi," nikamjibu.

Wanaoijua migodi midogo ya kwetu wanajua. Duara jipya likifunguliwa, mwanamke hasogei pale, wanasema dhahabu inakimbia. Akisogea, wanachinja mnyama ili kusafisha. Mila hiyo niliijua, ila sikuwahi kufikiri kuna mtu mzima angeipeleka angani. Kapteni alizungumza kwa upole kabisa, akiniita mayu, yaani mama kwa lugha ya kwetu. "Mayu, usichukie. Wiki nzima duara langu linajaa maji, kumbe nasafiri na mwanamke. Subiri hukohuko juu."

Wakatua. Wakaanza kuwapiga risasi wale wanyama. Hawakukimbia, walikuwa wanasogea kuona wageni. Damu yao nayo inang'aa, ikatapakaa kwenye majani, na wale wanaume wakawa wanataniana nani amelenga vizuri, nani apewe maini. Kapteni akaipa sayari jina la duara lake.

Laiti ningezima kompyuta hapo. Kapteni akaniita nitue. Akasema, "Ukitaka kubaki na sisi, mayu, ua mmoja kwa mkono wako tuwe sawa." Nilikuwa najua sayari ya pili inayong'aa iko wapi, na nilijua bila wao sifiki. Mnyama mmoja alisimama mbele yangu akainamisha shingo. Nikabonyeza. Mwanga wa mgongoni mwake haukuzimika mara moja, ulififia taratibu huku ananitazama. Kapteni akanipongeza, nami nikasema asante. Hiyo asante inanitia kinyaa kuliko ile damu.

Mwanangu ananiambia, "Mama, ni gemu tu, kunywa dawa ulale." Labda ni kweli. Lakini mkono uliobonyeza ndio huuhuu ninaofanyia ishara ya msalaba, na tangu siku hiyo nikishika tonge nao, naliona linanuka. Nawachukia wale wanaume, hasa wanavyoniamkia shikamoo kila jioni na kuniuliza kama nimekunywa dawa, kama watoto wa kunizaa.

Sasa wanangoja niwape njia ya sayari ya pili. Kapteni ameahidi ataandika Kabula kwa niaba yangu, ila lazima wao watangulie, "wasafishe" kwanza, ndipo mimi nitue. Nikikubali, jina la binti yangu litakaa juu ya mizoga. Nikikataa, ninakufa na jina lenyewe linakufa, maana kikosi kingine moyo huu hautanisubiri nikitafute.

Sihitaji pole. Nyinyi mliowahi kuzika mtoto, semeni nami bila kunionea huruma: mngewaonyesha njia?