Mapazia ya Nyamizi

Nakumbuka asubuhi moja nilitoka Ipuli mpaka mjini nusu natembea nusu nakimbia, kichwa wazi, mimi binti wa watu, na walionisalimu njiani niliwapita bila kuwajibu. Nilidhani sitakasirika vile tena maishani. Jana, mwanangu, nimekusikia ukimwambia mwenzio, "Vitambaa vya yule mama wa mtaani tumpe huyu mkubwa kwanza, yeye atasubiri." Basi kaa hapo. Chai utakunywa baadaye.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami ndiyo kwanza naanza kazi hii hii unayoianza wewe, ya kupamba nyumba za watu. Nilianza na Saida, tuliyekua naye nyumba ya pili. Mimi nilishona, yeye alikuwa na maneno matamu ya kupata wateja. Tulipaka kuta chokaa na udongo mwekundu, tukatundika mapazia, tukatandika vitanda vya maharusi. Mji ukaanza kututaja.

Akaja Nyamizi, yatima wa Ipuli aliyekuwa anaolewa. Hakuwa na kitu ila kanga za marehemu mama yake. Alizitoa moja moja akizinusa.

"Dada, nishonee mapazia. Nataka mama awepo chumbani."

Sikuthubutu kuzipitisha kwenye cherehani. Nilizishona kwa mkono, nikazidarizi pembeni kwa uzi mwekundu. Tulipozitundika, Nyamizi alisimama mlangoni akalia, nami nikalia naye.

Asubuhi ya harusi nikaenda kutandika kitanda. Madirisha matupu. Nyamizi kakaa sakafuni, hina mikononi, analia. Shangazi yake ndiye aliyesema, "Saida alikuja jana akayachukua. Alisema umemtuma, unayarekebisha."

Sikumtuma! Lakini nilijua pa kwenda. Mke wa tajiri mmoja alikuwa ameyaona nikiyashona, akayatamani, maana kanga za namna ile madukani hazikuwapo tena. Nilikuwa nimemwambia hayauzwi.

Nikayakuta sebuleni kwake, yametundikwa, wageni wanakunywa kahawa, Saida anapanga mito.

"Saida, kanga za nani hizi?"

"Punguza sauti," akasema huku anacheka. "Yule wa Ipuli tutamshonea mengine. Hapa ndipo penye kazi."

"Mimi nimeyanunua," akasema mwenye nyumba.

"Umeuziwa nguo za marehemu, bibi. Mwanawe yuko Ipuli, leo anaolewa, anazililia."

Wageni wakaweka vikombe chini. Nikapanda kiti, nikayashusha yote. Hakuna aliyenizuia. Saida akanifuata mpaka barazani.

"Umetuharibia! Hasira zako zitakulaza njaa."

"Basi nilale," nikamwambia. "Kwangu usikanyage."

Nilifika Ipuli kabla ya bwana harusi. Nilimwinua Nyamizi, tukayatundika pamoja, naye akaolewa mama yake akiwepo.

Usidhani nilipewa zawadi. Nyumba za wakubwa zilinifungia milango, na kazi zao zote akapata Saida, akajenga. Mimi nilipanda treni mpaka Urambo, nikapamba nyumba za wakulima wa tumbaku, nikala nilichopata. Saida alipofariki nilikwenda kumzika. Machozi yalinitoka, ila hasira haikutoka. Mungu ndiye ajuaye.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mtu akikufungulia chumba chake, amekuonyesha anapolala na anapolilia. Usichukue cha humo, hata uzi. Usimpe mkubwa kilicho cha mdogo. Kazi uliyoahidi kwanza, imalize kwanza. Na mwenzio akikushauri vinginevyo, achana naye leo leo, usingoje mpaka akuuzie jina. Kesho asubuhi nenda kwa yule mama na vitambaa vyake, umwombe radhi kwa mdomo wako.

Ukishafanya hivyo, urudi hapa nikushike kichwa. Mungu aibariki mikono yako, akufungulie milango ya halali, na kila nyumba utakayoipamba walale humo kwa amani. Amina. Haya, sasa kunywa chai.