Madoa Niliyoyaona Kwenye Pamba ya Watu

Ndugu zangu mnaoishi na kisukari, nawaeleza yaliyonipata ili msiogope, na pia msichelewe kama mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa pamba kijijini, karibu na Samuye. Kazi yangu ilikuwa kutenganisha pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la pili. Kisukari nilikuwa nacho miaka tisa. Vidonge nilimeza nikijisikia vibaya tu.

Msimu mmoja pamba ya kila mtu ikawa na vidoa vyeusi. Niliirudisha, nikiamini wakulima wanachanganya takataka makusudi. Wao wakanong'ona kwamba nataka hongo. Ndipo jirani yangu Mama Kulwa akamwaga gunia lake mbele ya watu.

"Baba Limi, uchafu uko wapi? Uguse."

Nikanyoosha kidole. Kidoa kikahama. Nikakifuata, kikahamia kwenye kanga yake, kisha ukutani. Watu wakacheka. Ndipo nikajua madoa yamo jichoni mwangu, si kwenye pamba.

Siku ya nne jicho la kulia likafunikwa na utando mwekundu. Halikuuma hata kidogo.

Hospitali ya rufaa walinitia matone, mboni zikatanuka, daktari akachungulia ndani. Akasema sukari imeharibu mishipa midogo ndani ya macho, upande wa nyuma, inavuja damu, na dawa yake ni kuichoma kwa mwanga mkali. Kaka yangu aliyenisindikiza akaninong'oneza kwamba wanatafuta mtu wa kujaribia mashine. Nami niliwaza hivyo hivyo: nani huponya jicho kwa kulichoma? Nikamuuliza daktari kama nitaona kama zamani.

"Hapana," akasema. "Mwanga haurudishi kilichopotea, unazuia kisizidi. La kulia limejaa damu, mwanga haupiti; tutasubiri ikauke yenyewe. Upasuaji wa kuiondoa upo, ila hapa hatuufanyi. La kushoto bado tunaweza kuliwahi."

Anayetaka kunidanganya angeniahidi zaidi. Nikakubali. Niliegemeza kidevu kwenye mashine, mwanga ukapiga na kupiga, kila pigo likichoma kidogo. Nilirudi mara tatu.

La kulia halikuona tena. La kushoto limetulia, ingawa gizani naona kwa shida. Namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Kulwa aliyenibishia. Nilimwomba radhi, akakiri kwamba alidhani nimelewa.

Ukiwa na kisukari, meza dawa kila siku, na usisubiri maumivu. Omba utiwe matone uchunguliwe macho, hata kama unaona vizuri. Ukiwa na shaka na daktari, mwulize yeye mwenyewe, usikae nayo moyoni.

Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa jicho la kushoto.