Nilimwandika ndugu yangu namba kumi na tisa

Wakuu, niaje. Hii sijawahi kuiandika mahali popote, na siongezi chumvi hata kidogo.

Mimi nauza maji Kabiro, Kawangware. Kwa mfereji wangu mitungi inapangwa na majina yanaandikwa kwa kitabu. Hakuna kuruka laini. Hata bibi yangu hupanga. Nilikuwa najivunia hiyo tabia, wacha niseme ukweli.

Asubuhi moja shemeji akanipigia simu kutoka Kibera, upande wa Ayany. "Shem, njoo haraka. Kioko anasema kifua kinambana."

Kioko ni mdogo wangu, bwana ya huyo shemeji. Fundi wa mjengo, mtu wa nguvu zake.

Tukampeleka emergency ya hospitali moja, jina naacha. Aisee, watu walikuwa wamejaa mpaka kwa ngazi! Huyu mafua, huyu jino, huyu anabadilishiwa bandeji. Nesi ni mmoja, na kila akitoka anavamiwa. Ni matusi na kusukumana.

Nikaona hii ni kazi yangu. Nikachana karatasi, nikaandika majina vile watu walifika. Kukatulia. Nesi akanishukuru, akaanza kuita kwa hiyo list, mimi nakata jina.

Kioko alikuwa namba kumi na tisa.

Shemeji akaninong'onezea, "Anatokwa na jasho baridi. Mwambie nesi."

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Mama Ndinda, foleni ni foleni. Nikipitisha ndugu yangu hawa watasema nini?"

Kioko mwenyewe akasema, "Wacha tu, nitangoja." Alikuwa mpole hivyo, jamani.

Namba kumi na moja alikuwa jamaa wa mafua. Kabla hajafika mlangoni, Kioko akaanguka kutoka kwa benchi. Nesi akakimbia, daktari akatoka mbio. Walijaribu sana, siwezi kuwalaumu. Hakuamka.

Siku hizi hospitali ileile imeweka nesi mlangoni. Anakuuliza shida, anakupima presha, anakupa kadi. Nyekundu unaingia saa hiyo hiyo, njano unakaa karibu aendelee kukuangalia, kijani unatumwa kliniki ya kando. Msongamano umepungua kabisa.

Lakini watu bado wanateta. Juzi nimepeleka mtoto, tukapewa kijani. Mama mmoja akafika nyuma yetu na akapitishwa. Jamaa akawaka, "Huyu amekuja saa hii, mbona anaingia?" Nikamwonyesha ile karatasi yangu ya majina, huwa natembea nayo. Nikamweleza. Akaketi.

Wakuu, mtungi unaweza kungoja laini, mtu hawezi. Ukiona mgonjwa wako anazidiwa, piga kelele, hiyo aibu itaisha. Na ukiona mwingine anapitishwa, nyamaza.

Kwa ile karatasi majina yamekatwa mpaka kumi na moja. La Kioko liko vile nililiandika.

Madaktari na manesi mlio humu, semeni bila kunionea huruma: Kioko angepewa kadi ya rangi gani?