Sensa Nne za Gari la Anastasia

Fundi Cyprian amefunga matairi hapa Manzese kwa miaka ishirini na sita, na mimi nimemuuzia chai kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia Cyprian alikuwa mzembe. Nimeshagombana na watu wawili kwa neno hilo.

Ni mtu wa Newala, mtoto wa mchonga vinyago. Mashine ya kubandulia matairi hana. Ana mitaimbo miwili na goti lake la kulia, na tairi lililomshinda sijaliona. Kosa lake lilikuwa kosa la mafundi wote wa barabara yetu. Magari mengi ya siku hizi huja na sensa ndani ya kila gurudumu, kidude kidogo kilichoshikana na valvu, kinachopima upepo na kuwasha taa mbele ya dereva ukipungua. Mtaimbo ukiingia vibaya, kinakatika. Mafundi wetu wamechoka kulaumiwa, basi huzing'oa zote mapema na kuweka valvu za kawaida za mpira. Taa ikiwaka wanaibandika tepu nyeusi. "Hiyo taa ya urembo tu," humwambia mteja, na mteja huondoka ameridhika.

Mwezi wa tatu alikuja Anastasia, binti wa pekee wa Cyprian, mwalimu huko Kinyerezi, na matairi manne mapya ndani ya gari. Mumewe, Augustine, anafanya kazi Mtwara na hurudi mwisho wa mwezi. Alikuwa amemwagiza aende duka moja la Mikocheni lenye mashine. Anastasia akakaa kwenye benchi langu na chai yake ya tangawizi.

"Mama Somoe, mie nitapitaje mlango wa baba nikafungiwe tairi na watu baki?" akasema. "Mume wangu nitamwambia akirudi."

Nilimpenda sana kwa neno lile. Cyprian naye siku hiyo alifanya kazi kwa furaha ambayo sijamwona nayo tena. Alifuta kila ringi kwa kitambaa, akakaza kila nati mara mbili. Sensa akazing'oa zote nne, akabandika tepu yake, akamwambia bintiye maneno yaleyale ya siku zote.

Wiki ya tatu, mumewe hajarudi bado, Anastasia akitoka Chalinze peke yake, tairi la nyuma lilipasuka maeneo ya Kibamba na gari likapinduka. Tulimzika Jumamosi. Alimwacha Tekla, mtoto wa miaka minne, ambaye Jumapili zote alishinda kwa babu yake.

Baada ya arobaini Augustine alikuja kijiweni na mtoto, na lile gurudumu kwenye pikapu ya kukodi. Tekla akaja moja kwa moja mapajani kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uliangalie hili. Gari nililinunua mie mwenyewe, lilikuwa na sensa. Upepo ukipungua taa inawaka, na Anastasia alikuwa haendi hata sokoni taa ikiwaka. Wale wa Mikocheni wamezitoa. Nataka uniambie tairi lilikuwa na nini, halafu naenda polisi."

Cyprian alibandua tairi, akaingiza mkono ndani. Ukatoka na unga mweusi wa mpira. Hata mimi muuza chai najua maana yake: tairi lilikuwa likisagika kwa siku nyingi, likitembea na upepo mdogo. Msumari mwembamba ulikuwa bado umo.

Nilimkazia macho anyamaze. Nasema wazi, nilitaka anyamaze. Anastasia harudi, na duka la Mikocheni lingejitetea lenyewe. Hakunitazama.

"Hakwenda Mikocheni," akasema. "Alikuja hapa. Sensa nilizitoa mie. Taa nikaibandika tepu, nikamwambia ni ya urembo."

Mkwe hamkemei baba mkwe, na Augustine amelelewa vizuri. Siku ile nilitamani angelelewa vibaya, akatukana, yakaisha palepale. "Nimekusikia, baba," akasema. Akamchukua mtoto mapajani kwangu, wakaondoka.

Jumapili mbili Tekla hakuletwa. Ya tatu pia hakuletwa, na Cyprian alikuwa amekwishamnunulia viatu. Jumanne yake akaja mshenga, mzee yuleyule aliyeleta posa ya Anastasia miaka saba iliyopita. Alikataa chai yangu, nikajua. Akasema mkwe hana ugomvi wala kesi, anamheshimu baba yake kama zamani. Ila anaomba wasionane.

"Na mtoto?" Cyprian akauliza.

"Anahamia Mtwara kwa shangazi yake. Wanaondoka kesho."

Cyprian akakaa chini, juu ya tairi. "Ananiulizia?"

"Anakuulizia kila siku," mzee akasema, na nilimchukia kwa kutojua kudanganya.

"Basi msimwambie nimekufa," Cyprian akasema. "Mwambieni babu alikosea."

Mshenga akaahidi atafikisha.