Chungu cha Mama Agatha Chaenda Ifakara

Efrazia wa Tlawi, huku Mbulu, alikuwa hodari wa kufunga mizigo. Alilijua hilo, na sisi wengine tulikumbushwa kila alipopata nafasi. Mayai yake yalipanda lori la viazi, yakarushwarushwa kwenye makorongo mpaka Karatu, na yakafika mazima, kwa sababu aliyalaza ndani ya debe la makapi ya ngano, safu juu ya safu, kwa subira ambayo mumewe Bura hakuwahi kuonyeshwa hata siku moja. Kanisa la kigango lilipoagiza vioo vya madirisha kutoka Arusha, aliyetumwa kuvifungasha ni yeye, na havikupata hata ufa. Basi ukitaka maneno na Efrazia, mwambie kitu alichokifunga kimevunjika njiani.

Ugomvi wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa na mdogo wake Rogathe, na ulitokana na chungu.

Kilikuwa chungu cha chuma, cheusi, kizito cha kuvunja kiuno, chenye miguu mitatu na mfuniko wake. Mama yao, Agatha, alipewa na masista wa misheni aliowapikia enzi za ukoloni, naye akakipikia makande maisha yake yote. Alikuwa amesema mbele ya wote kwamba kitakwenda kwa Rogathe, mziwanda wake. Lakini Agatha alipofariki, Rogathe alikuwa Basotu, ambako mumewe Yona alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano. Efrazia akajitwika chungu kichwani, akaenda nacho kwake, akisema anakitunza tu. Kukitunza kukawa kukipikia. Siku Rogathe alipokuja kukichukua, alikikuta mekoni kwa dada yake kinatokota. Aligeuka mlangoni, hakukaa wala hakuonja. Kisha mashamba ya ngano yakaingia kwenye ubinafsishaji, Yona akakosa kazi, wakahamia Ifakara kutafuta riziki kwenye miwa ya Kilombero. Miaka ikapita, ndugu wa tumbo moja hawasalimiani.

Wakati mkoa wa Manyara ungali mpya, na watu wa Mbulu wakiulizwa kwao bado wanajibu Arusha, Judica, binti mkubwa wa Efrazia, akachumbiwa. Judica alimwambia mama yake bila kupepesa macho, "Mimi sisimami kanisani bila mama mdogo. Malizeni mambo yenu kwanza."

Efrazia alijua mambo yao yanamalizwa na kitu kimoja tu. Akakisugua chungu kwa majivu mpaka kikang'aa. Sasa, kwetu mtu hampelekei ndugu yake chombo kitupu. Ni kama kumtakia njaa. Akanunua chupa ya asali kutoka Balangdalalu, chupa ya kioo, akaizungushia kitambaa, akaisimamisha katikati ya chungu, na pembeni akashindilia makapi hadi ukitikisa husikii kitu. Juu akaweka barua ya Judica ya kumwita mama mdogo harusini, akafunika, mfuniko akaukaza kwa waya. Halafu akakitumbukiza chungu ndani ya gunia tupu, akalishona kwa sindano na uzi wa katani. Miguu yote mitatu ilikuwa imetuna chini ya gunia, na chini yake hapakuwa na makapi wala tambara.

Posta ya Mbulu, karani mmoja aitwaye Urban, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga na bado anavaa sweta mbili, alilinyanyua gunia akaguna.

"Shikamoo, mama. Humu kuna kitu cha kuvunjika?"

"Marahaba. Kuna chupa ya asali, ila hiyo nimeifunga mwenyewe. Usiwe na wasiwasi."

"Na hiki kingine kizito?"

Efrazia alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, hicho ni chuma!"

Urban naye akacheka, akagonga muhuri.

Baada ya muda Efrazia aliitwa mbio dukani kwa Sulle, mwenye simu ya mkononi ambayo kijiji kizima kiliitumia. Ilikuwa Rogathe. Efrazia aliishika simu kwa mikono miwili, kwa furaha, akisubiri shikamoo ya mdogo wake. Haikuja.

"Asali nimeiona," Rogathe alisema. "Imefika nzima, hata tone halikumwagika. Chungu cha mama kimepasuka vipande viwili."

"Kimefanyaje?"

"Kimepasuka, dada. Mguu mmoja umeng'oka na nusu ya ubavu. Asali ya kununua umeifunga kama kitoto kichanga. Chungu cha mama umekitupia gunia. Kama hukutaka nikipikie, si ungesema tu?"

Simu ikakatika. Efrazia aliketi juu ya mfuko wa sukari wa Sulle, mdomo wazi. Chuma kimepasuka! Aliwahi kuona jembe limepinda, panga limemeguka makali, lakini chuma kupasuka kama sahani, na kioo kilichokuwa ndani yake kubaki kizima, akili yake ilikataa katakata. Alimwuliza Sulle kama amewahi kusikia jambo hilo. Sulle hakuwahi. Na ubaya ni kwamba Rogathe alikuwa na haki. Yeye, Efrazia wa makapi, hakukiwekea chungu cha mama yake hata konzi moja ya makapi kwa nje. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua, akarudi nyumbani akipita nyuma ya mashamba asikutane na mtu.

Bura alimwambia aache, hasira itapoa yenyewe. Hakumsikiliza. Alipanda basi la Babati, kisha la Singida, na njia nzima mpaka Dodoma na Morogoro alirudia midomoni maneno ya kuombea msamaha. Aliyapanga, akayapangua, akalia stendi mbele ya watu wasiomjua. Alipofika Ifakara vumbi lilikuwa limempaka hadi kope.

Nyumba ya Rogathe ilikuwa ndogo, safi, ina kibaraza cha saruji. Rogathe alimwona, akarudi jikoni. Aliyemkimbilia ni Yona.

"Shemeji! Shikamoo! Karibu, karibu!" Akampokea mzigo, akamkalisha. "Na pole sana kwa kile chungu, shemeji. Tulisikitika mno. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Kilitoka posta kizima kabisa, nilikipapasa mwenyewe. Rogathe akakishusha kutoka kichwani, akakibwaga, pu! kama mlivyozoea kwenu kwenye sakafu ya udongo. Kikalia kama kengele. Chuma cha kumimina hakipindi, shemeji, kikigongwa kinakatika. Na hii saruji haina huruma." Akaonyesha alama ya mchubuko mweupe mlangoni. "Lakini haya yote si alishakwambia?"

Efrazia alihisi masikio yanavuma. Kilitoka posta kizima! Aliitazama ile alama, akamtazama Rogathe, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, uso umempauka. Basi safari yote ile, machozi yote yale, kumbe mdogo wake alijua! Hasira ilimpanda. Alitaka kusimama amseme Rogathe mbele ya mumewe na majirani, amvue nguo kwa maneno, na maneno alikuwa nayo.

Ila Efrazia aliujua ule mbwago. Mama yao alikishusha chungu hivyo hivyo, pu, kila jioni, na yeye mwenyewe miaka yote kule Tlawi alikibwaga hivyo hivyo na hakikusema kitu.

"Aliniambia, shemeji," akasema. "Alinipigia simu, akanieleza kila kitu. Kosa ni langu. Ningekifunga vizuri, hata angekiangusha kutoka juu ya lori kisingepasuka."

Yona alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaridhika. Mlangoni mwiko ukaanguka.

"Anadanganya," Rogathe alimwambia mumewe. "Baba Alfredi, dada anadanganya. Sikumwambia. Nilimwambia yeye ndiye aliyekivunja."

Yona alimgeukia mkewe, akamgeukia shemeji yake, asiamini masikio yake. Rogathe alikaa chini pale pale kwenye saruji, akaangua kilio, na Efrazia akashuka kutoka kwenye kiti chake, akakaa kando yake, vumbi lake lote la safari likimchafua mdogo wake.

Walikaa hivyo mpaka chakula jikoni kikaanza kunukia kuungua. Rogathe akapenga kamasi kwa ncha ya kanga.

"Harusi ya Judica," akauliza, "anapika nani?"

"Bado hatujapata mtu," Efrazia akasema.