Jibu Nililompa Mkamwana Wangu

Kile kidonge nilikifuata Omurushaka, ili nisionwe na mtu wa kijijini kwetu Kimuli. Muuzaji wa duka la dawa alinifungia kwenye karatasi bila kuniuliza lolote, nami nikamshukuru kwa hilo. Ujinga mtupu.

Kesho yake mchana nikakimeza. Hata saa moja haikuisha, nikiwa shambani napunguza machipukizi ya migomba, kifua kikaanza kubana. Nikakaa, nikasimama, nikazunguka shina, nikakaa tena. Mke wangu aliponiona natokwa jasho na panga nimelitupa, akaita bodaboda, tukapanda wote wawili mpaka zahanati.

Muuguzi wa zamu alikuwa mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa. Huyu akija nyumbani hupiga magoti kunisalimu, na tangu aolewe hatujawahi kukaa benchi moja. Kwetu mkwe hasikii habari za chumbani kwako. Heri ukamatwe umeiba.

Alinilaza, akatoa kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi. Kabla hajanipa akauliza, macho yake sakafuni: "Tata, jana au leo umetumia dawa ya nguvu za kiume? Hii ikikutana nayo, presha inashuka ghafla. Mtu anaweza kufa."

Nilimsikia vizuri. Nikasema, "Hapana," upesi, kama mtu anayefukuza nzi, kisha nikafungua mdomo. Nilitaka amalize aende zake, nife au nipone, ili mradi asiulize tena.

"Amekunywa," mke wangu akasema kutoka mlangoni. "Leo mchana. Karatasi yake, yenye jina la dawa, nimeikuta kwenye koti lake."

Mkamwana akakirudisha kidonge kwenye kopo bila kuinua uso. Akanipa aspirini nitafune, akanipima presha, akapiga simu kuomba gari la hospitali.

Njiani sikumtazama mke wangu. Nilikuwa nimemkasirikia, kweli kabisa, kwa kunivua nguo mbele ya mkwe. Nilipogeuka nikamkuta amekiuma kitenge chake kwa meno. Kumbe naye ni mkwe wa yule binti, na aibu ile ilikuwa yake pia.

Nilikuwa tayari kumwacha mjane kwa sababu ya neno moja. Mpaka leo sijamwambia ahsante. Kila nikitaka kuanza, nainuka, natoka nje.