Kitabu Kilichofungwa kwa Mawese

Shule niliiacha mapema, kusoma nimekuja kukujua uzeeni, kwa kidole, herufi moja moja kama mtu anayechambua dagaa. Ndiyo maana maktaba ya mjini nimeizoea, ingawa natoka Ujiji kwa miguu na magoti hayataki. Magoti tuyaache.

Zamani ukiazima kitabu walikupa na kamfuko ka nailoni, kwa ajili ya mvua. Akaja mkutubi mpya, mama aliyehamishiwa huku kutoka mbali, akaikomesha hiyo nailoni.

"Mama, kamoja tu," nikamlilia. "Nakwenda Kagunga, na boti inaingiza maji."

"Mzee wangu, si wewe uliyeniambia nyavu za Kibirizi siku hizi zinavuta nailoni kuliko samaki?"

Ni mimi kweli. Mdomo huu! Nimeshona nyavu maisha yangu yote, takataka hizo nimezichomoa mpaka kwa meno.

Sasa, Kagunga yuko dada yangu mkubwa, macho yamekwisha, mimi ndiye ninayemsomea. Kitabu chenyewe kilikuwa cha mwanamke aliyeshuka kisimani kumfuata mbuzi wake, kamba ikakatika. Nikawaza wee, mwisho nikachukua kitambaa nikakiloweka mawese, nikakifungia kitabu. Maji hayapiti kwenye mawese, nani wa huku asiyejua? Ziwa likatutupa huku na huku, nikalowa mpaka mfupani, kitabu kikafika kikavu. Nikajiona bingwa. Kukifungua, kingo zote nyekundu, kinanukia kisamvu cha sikukuu.

"Umeleta kitabu au chakula?" dada akauliza. Nikaanza kusoma. "Ego, ego, endelea," ndiyo yake hiyo ya Kiha, huku anameza mate.

Siku ya kurudisha ikafika, mwanamke bado yuko kisimani.

Mkutubi akakinusa kitabu. "Mzee, hiki umekisoma au umekikaanga?" Vijana waliokuwa wanasoma wakaangua kicheko. "Basi kitakaa hapa hapa. Mlangoni hakitoki tena."

"Na nailoni je, mama?"

"Hairudi."

Tangu hapo sikutulia. Dada anapiga simu: "Ametoka?" Bado. "Na mbuzi?" Bado, dada. Kwa umri ule, humwambii mtu asubiri. Nikawa naketi maktaba, nasoma kipande, nainuka, nazunguka kati ya makabati nikikirudia kwa sauti ndogo, mkutubi anakohoa, nasahau, naketi tena, naanza upya. Hata chai haikupita.

Siku niliyopanda boti pale Kibirizi kwenda kwa dada, nilikuwa na hadithi yote kichwani, midomo inakwenda. Mama mmoja wa dagaa akanisogelea.

"Shikamoo mzee. Mbona unaongea peke yako?"

"Marahaba. Niache mwanangu, usinisemeshe. Ameshafika juu, mkono mmoja uko nje ya kisima."